Kicheko cha Lempi

Mtaa wa Magnolia,
Burbank, California.
Jumapili, 4 Novemba 2012.

Mpendwa Bibi Helmi,

Shikamoo, bibi yangu. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kile kiti chako cha karibu na jiko, blanketi magotini na kahawa mkononi. Magoti yanasemaje? Mara ya mwisho uliniambia la kushoto linatabiri theluji vizuri kuliko yule kijana wa televisheni. Na macho je, matone mapya ya daktari yamekusaidia, au yanakuchoma bure tu? Mmeshapata mtu wa kuwapasulia kuni, au bado Baba mdogo Duane anaahidi?

Sisi huku hatujambo. Mke wangu Graciela anakuamkia, na anasema mkate wa iliki uliomfundisha kuoka safari hii umeumuka, ila umeumuka upande mmoja. Mwanetu Noemi ameng'oka jino la mbele na ametaka wewe ujue kabla ya mtu mwingine yeyote. Joto bado lipo, na najua hupendi kusikia habari za joto mwezi wa Novemba, basi tuyaache hayo.

Shangazi Marlys, najua ni wewe unayemsomea mama, kwa kuwa yeye maandishi hayaoni tena. Shikamoo na wewe. Nina ombi moja kwako: soma kila neno kama lilivyo. Usiruke mahali, usipunguze makali, na usinitetee. Ukianza kusema "labda alimaanisha hivi", utakuwa umenisaidia kuendelea na tabia ambayo naandika ili niiache.

Bibi, utashangaa kwa nini naandika wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Naandika kwa sababu kwenye simu nimekuwa nikikudanganya tangu Septemba. Nimejaribu kusema kweli, nimeshindwa. Nikisikia sauti yako imechangamka, ulimi wangu unageuka wenyewe. Kwenye karatasi sikusikii ukifurahi, kwa hiyo labda nitaweza.

Nianze na habari njema, maana hiyo angalau ni ya kweli. *Kofia Tatu za Bwana Pendergast* inatoka kwenye diski. Imeshachapwa, imeshatiwa kwenye maboksi, na ile uliyoagiza itafika huko kwenu Duluth kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi huu. Umeingojea filamu hii tangu watu walipoanza kununua deki. Marehemu baba alikuwa akisimulia jinsi ulivyonunua deki yako kwa ajili ya filamu hiyo moja tu, ukaiweka juu ya kabati, ukaifunika kitambaa cha kufuma, na kaseti haikutoka. Zikaja zama za diski, ukanunua mashine ya diski, na diski haikutoka. Kila Januari ukawaandikia wenye filamu, na kila mwaka wakakujibu kwa karatasi ileile ya kukushukuru kwa kupenda kazi zao.

Mimi niliye ndani ya shughuli hizi nazijua sababu, na sikuwahi kukueleza vizuri kwa uvivu wangu. Studio iliyoitengeneza ilinunuliwa na kampuni nyingine, nayo ikauzwa, na mikanda ikaenda kulala kwenye machimbo ya chumvi kule Kansas, ambako filamu za zamani huhifadhiwa zisiharibike. Halafu kuna ule wimbo ambao Pendergast anauimba akiwa bafuni. Warithi wa mtunzi wake ni ndugu wawili wasiosalimiana, mmoja akikubali mwingine anakataa. Kwa ajili ya wimbo wa bafuni, filamu nzima ikakaa gizani. Viko vichekesho vingi vya miaka ile vilivyokwama namna hiyo, vingine kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na wanaovisubiri wanakwisha mmoja mmoja. Palikuwa na mzee wa Pasadena aliyekuwa akipiga simu ofisini kwetu kuulizia kichekesho kimoja cha farasi. Siku moja akapiga mkewe, akasema tusihangaike tena, ameshazikwa.

Ila wewe hukuwa unamsubiri Pendergast. Ukoo mzima tunajua kwamba ulikuwa unamsubiri dada yako Lempi. Wewe ulikuwa bado mtoto alipopanda treni kwenda kufanya kazi za ndani kwa matajiri wa Los Angeles, akaishia kwenye chumba cha mavazi cha studio, pini mdomoni. Baba yenu, ambaye kanisa lake liliweka sinema na pombe kapu moja, hakutaka kazi hiyo itajwe mezani. Siku ya kupiga picha ile sehemu ambapo suruali ya Pendergast inaanguka mbele ya jaji, Lempi ndiye aliyeitia nyuzi za kukatika, naye akawa amesimama nyuma ya taa, sindano tayari, akingoja kuishona upya. Suruali ikaanguka kama ilivyopangwa. Kisha yule mwigizaji, bila kuambiwa na mtu, akazivua kofia zake zote tatu, moja baada ya nyingine, akamwinamia mshonaji.

Lempi akacheka, na kamera zinaendelea. Mwongozaji alijua yule bwana hawezi kuinama vile mara ya pili, akakiacha kicheko humohumo. Miaka mitatu baadaye kifua kikuu kikamchukua Lempi. Mkabaki na picha zake chache na gauni moja, na sauti yake haiko popote duniani isipokuwa ndani ya filamu ile.

Umenisimulia mara nyingi ile Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 1961, televisheni ilipoionesha mchana kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mimi nilikuwa nakusikiliza nusunusu, simu begani, nafanya mambo yangu, na hilo nalo linanisuta. Ulisema baba yenu alikuwa jikoni anamkatakata bata mzinga, amekataa kata kata kukaa mbele ya televisheni. Kicheko kilipopita akatokea mlangoni, kisu mkononi, akauliza, "Nani amemwita Lempi?" Basi mzee yule ambaye hakuwahi kuingia ukumbi wa sinema akaketi, akaitazama filamu mpaka mwisho.

Wote waliokuwa chumbani siku ile wametangulia, isipokuwa wewe na Duane, na Duane alikuwa anatambaa chini ya meza. Marlys alikuwa hajazaliwa. Ndiyo maana Duane anakutania kila mwaka kwamba uliota, kwamba hakuna studio ingeacha kosa la wazi namna hiyo. Na hadithi yenyewe imekuwa ikinenepa kila inapopita kwa mtu mwingine. Mimi niliipokea kwa baba, naye alinihakikishia kwamba kilikuwa kicheko cha kupasua vioo.

Sasa nije kwenye lililonikaa kooni.

Filamu ilipoletwa kwetu isafishwe, niliomba nipewe sauti yake. Nilijigamba ofisini kwamba bibi yangu mmoja yumo humo ndani. Kazi yetu huifanya bila picha, ili macho yasiyapotoshe masikio. Unavaa hedifoni, sauti inachorwa kwenye kompyuta kwa mistari ya rangi, na kila mvumo wa taa, kila kikohozi, kila ubao wa sakafu uliolia miaka ile, unauzungushia alama na kuufuta. Sheria ya nyumba ni fupi: kisichotoka kwa mwigizaji wala kwa wapiga muziki, kiondoke. Wanunuzi wa diski hizi ni watu wa malalamiko, bibi. Ukiwaachia mkwaruzo mmoja wanakuandikia kurasa mbili.

Kwenye mkanda wa nne nikakutana na kitu kidogo. Kwikwi mbili, halafu mvuto wa pumzi unaopanda, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Nikasema hili ni gurudumu la kigari cha kamera, vigari vya zamani vilikuwa vikilia hivyohivyo. Masikio yangu yalikuwa yanangoja vioo vipasuke. Bila picha sikujua kwamba ndipo suruali inapoanguka, maana suruali ikianguka haina mlio, na jaji yumo kwenye filamu karibu yote. Kelele ile ilikuwa imejibanza katikati ya maneno ya jaji, mahali pagumu kabisa. Nikaifuta kwa ustadi wangu wote. Jaji akabaki anasema peke yake, hata pumzi yake haikuguswa.

Mkuu wetu, Joyce Okamoto, ni mama asiyemsifu mtu ovyo. Aliwakusanya wenzangu akawapigia sehemu ile, kabla na baada, akasema, "Mmesikia? Hivi ndivyo inavyofanywa." Nami nikasimama pale, kifua mbele.

Nikafika mwisho wa mkanda wa mwisho bila kukisikia kicheko cha Lempi. Nikadhani kimekatwa zamani na watu wa televisheni. Jumapili ile nikakupigia, na kwa mara ya kwanza maishani nikakuuliza swali ambalo ningepaswa kukuuliza miaka yote: Lempi alikuwa anachekaje? Ukamwigiza. Kwikwi mbili, na bawaba ya mlango.

Nilikuwa nimesimama jikoni, nikashika ukingo wa sinki. Wewe ukaendelea kwa furaha zako. "Hivyo tu. Kalikuwa kacheko kadogo, alikuwa anakaficha. Umekasikia, mume wangu?"

Nami nikakujibu, "Kapo, bibi. Kapo, tena kamesafishika vizuri."

Sikiliza sasa, maana kosa langu kubwa si lile la kufuta. Kufuta lilikuwa kosa la masikio, na lilikuwa linarekebishika. Nakala ya mwanzo haifutwi kamwe, ningeweza kukirudisha kicheko asubuhi moja kabla ya chai. Kazi iliyokamilika ilikuwa bado iko kwetu, ikingoja kuchukuliwa Jumatano kwenda kiwandani. Jumatatu nilikwenda hadi mlangoni kwa Joyce, nikamkuta kwenye simu anamsifia mteja sehemu ile ya jaji, na jina langu linatajwa. Nikageuka. Jumanne nikajiambia ni sekunde chache tu, nani atajua. Watu wawili walikuwa wameachishwa kazi majira hayo, na sikutaka kuwa mtu aliyeharibu hasa mahali aliposifiwa.

Jumatano dereva wa vifurushi akaja. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Gari lilipoondoka niliona nafuu, bibi. Hilo linaniumiza kuliko yote, kwamba niliona nafuu.

Tangu hapo nimekuwa nikikupigia kila Jumapili na kuongeza uongo juu ya uongo. Uliniuliza kama kinasikika vizuri kuliko cha 1961, nikasema kinasikika vizuri zaidi. Uliniuliza kama wenzangu kazini wamekipenda, nikasema wamekipenda sana. Wewe unafurahi upande wa huko, mimi huku jasho linanitoka na huku nacheka nawe.

Wiki iliyopita ndipo uliponimaliza. Uliniambia kwa ajili ya siku hiyo ya sikukuu umeazima viti kutoka ukumbi wa kanisa, umemwalika mchungaji, na Duane umemwamuru akae mstari wa mbele. Ukasema, "Acha wasikie wenyewe. Nife nikiwa si mwongo." Nilipoweka simu chini nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, mpaka Graciela akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Nikamweleza yote. Wewe unamjua Graciela, hana maneno ya kupakapaka mafuta. Alinitazama, akasema, "Yaani mtu amengoja nusu karne, na wewe umeshindwa kupiga hodi?"

Kesho yake nikapiga hodi. Joyce alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chake chini.

"Kwa hiyo unataka niwaambie nini wale watu, Emmett? Kwamba kelele waliyotulipa tuiondoe ni bibi yako?"

"Ndiyo."

"Na umejua lini?"

"Septemba. Kabla haijatoka hapa."

Akavua miwani yake, akaifuta na pindo la sweta, ingawa haikuwa chafu. "Ningempigia yule jamaa wa kiwandani nikamwambia subiri. Simu moja. Simu moja tu, Emmett."

Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe.

Hata hivyo alipiga simu hapohapo, nami nimekaa mbele yake kama mwanafunzi mtoro. Alimpigia Bwana Pruitt, anayesimamia diski kwa upande wa wenye filamu. Bwana huyo akasema mnunuzi akisikia mtu anacheka nyuma ya kamera atadai tumeharibu. Joyce akamjibu, "Walioitengeneza walikiacha kwa makusudi. Tulioharibu ni sisi." Nilishangaa kumsikia anasema "sisi". Lakini diski zimeshapakiwa, na Bwana Pruitt akasema watafikiria iwapo itachapwa tena. Sote watatu tulijua maana yake. Vichekesho vya namna hii vikibahatika huchapwa mara moja, wanaovitaka wananunua, na basi.

Jana nilikwenda kwenye kaburi la Lempi, kama ulivyonituma tangu majira ya joto nami nikawa napiga chenga. Nimeng'oa majani, nimelisugua jiwe, jina lake sasa linasomeka. Nilipeleka maua meupe kama ulivyoagiza. Nilitaka kusema kitu pale, nikaishia kuviringisha kofia yangu mkononi.

Basi mambo ndiyo hayo. Diski yako itafika, mtaitazama, kofia ya tatu itavuliwa, na hapatakuwa na kitu, jaji tu anaongea. Ndiyo maana nimeandika mapema, ili usikae mbele ya watu wako ukitega sikio bure huku Duane anakutazama. Shangazi Marlys, siku hiyo kabla hamjawasha mashine, naomba uisome sehemu hii kwa sauti mbele ya wote. Baba mdogo Duane, mama yako hakuota. Kicheko kilikuwepo, kwenye mkanda wa nne, mahali alipopasema miaka yote. Kimeondolewa na mimi, Emmett, mjukuu wa mjomba wako Toivo, halafu nikanyamaza kwa kuogopa kupoteza sifa. Kama kuna mwongo katika ukoo huu, msimtafute Duluth.

Humu kwenye bahasha kuna kaseti. Nilipokuwa nainuka kutoka kwa Joyce aliniita. "Filamu siwezi kukupa, unajua mwenyewe. Lakini takataka si mali ya mtu. Nenda kachukue sekunde zako." Mashine yetu huviweka kando vitu vyote tulivyofuta, na kuna kitufe cha kusikiliza hivyo tu, bila filamu. Nimezitia sekunde hizo kwenye kaseti ya kawaida, kwa kuwa redio kaseti ya kando ya kitanda chako unaijua kwa vidole. Siku ya sikukuu iweke mapajani. Pendergast atavua kofia ya kwanza, ya pili, na akishika ya tatu Marlys akuguse bega, nawe ubonyeze. Najua si sawa na kikiwa ndani ya filamu yenyewe. Ni kama kutia chumvi chakula kikiwa kimeshafika mezani, lakini ndicho nilichoweza.

Na kuna jambo sikulitarajia, ambalo nimelihifadhi mwisho kwa sababu sijui kuliandika.

Nilipoizungushia alama ile kelele, niliizungushia kwa upana. Kwenye filamu sauti ya jaji ilifunika kila kitu baada ya kicheko, hata nyinyi mwaka 1961 msingeweza kusikia zaidi. Kwenye takataka jaji hayupo. Zipo kwikwi mbili, ipo bawaba, kisha mtu anamnyamazisha, "shhh". Kisha Lempi, kwa kunong'ona, anasema maneno. Ni machache, kwa Kifini, lugha ya wazazi wenu, na mwisho wake kuna kicheko kingine kidogo zaidi ambacho amekibana puani.

Nimeyasikiliza hadi nimeyakariri kama mtoto anavyokariri wimbo wa lugha ngeni, na sijui yana maana gani. Babu Toivo hakutufundisha. Kifini nilichoachiwa mimi ni jina la mkate na jina la bafu la mvuke. Ningeweza kumtafuta mtu wa kunieleza, mji huu haukosi mtu wa lugha yoyote. Nimeona si haki yangu. Nimeshaamua mambo ya Lempi bila kukuuliza mara moja, na imetosha. Maneno hayo hayajasikiwa na mtu tangu siku aliyoyasema, na katika ukoo wetu aliyebaki wa kuyaelewa ni wewe peke yako.

Ukitaka kuniambia alisema nini, nitafurahi. Usipotaka, ni yako na dada yako. Na Jumapili ijayo simu ikilia na usitake kuipokea, usipokee, nami sitasema ni matatizo ya laini. Kuhusu Bwana Pruitt, nimeshamwambia kwamba kila Januari atapata barua kutoka kwangu, kama wenzake walivyokuwa wakipata kutoka kwako. Wewe umeshaandika za kutosha.

Nisalimie Baba mdogo Duane, na umwambie kuni hazijipasui. Nisalimie watoto wa Marlys wote, na mchungaji, ingawa hanijui na baada ya sikukuu atakuwa ananijua kwa ubaya. Noemi anakubusu mashavu yote mawili kwa tundu la jino lake. Mungu akupitishe salama kwenye baridi ya mwaka huu, ayalinde masikio yako maana macho ameshakopa, na akupe moyo wa kunisamehe siku utakayoona inafaa, hata kama si karibuni.

Wako akupendaye, mwenye kukuomba radhi,

Emmett

N.B. Shangazi Marlys, asante kwa kusoma mpaka hapa. Sasa mtilie kaseti, mwekee mkono wake kwenye kitufe, kisha toka nje ukazoe theluji hata kama haijaanguka, na ufunge mlango. Asikie yeye kwanza.